Cherehani ya Mama

"Ule mlio wa tikitiki kwenye wimbo wako umewapagawisha watu. Uliutoa wapi?" mtangazaji aliuliza redioni.

"Kichwani mwangu tu," Dijei akajibu. "Nilijifungia peke yangu wiki nzima."

Nyumbani, Sindano aliyekuwa akisikiliza akaiweka pasi pembeni. Shati alilokuwa akilinyoosha lilikuwa la huyohuyo Dijei, mchumba wake, na leo ndiyo siku waliyokubaliana kwamba angemtaja. Miaka mitatu midundo yote aliitengeneza yeye, bwana akapanda nayo jukwaani. Wenye kumbi walishamwambia kwamba mwanamke anakuja kucheza, si kuchezesha, naye kwa mapenzi akameza. Lakini huu haukuwa wa kumeza. Ule mlio ulikuwa wa cherehani ya marehemu mama yake, aliyoirekodi wiki ya mwisho ya uhai wa mama.

Akapiga simu.

"Hukunitaja."

"Mpenzi, promota alikuwa amekaa palepale. Anauza sura yangu, si yako. Tukishaoana, changu si chako?"

Hakubishana naye. Ushahidi alikuwa nao: kwenye rekodi ile mama anakanyaga cherehani, anacheka, kisha anauliza, Sindano, unarekodi nini tena? Akafungua kompyuta wanayoitumia wote wawili. Rekodi haikuwepo. Akapekua kila mahali, mpaka kwenye diski ya akiba. Patupu.

Akapiga tena.

"Rekodi ya mama iko wapi?"

"Niliifuta. Jina lako lilikuwa mle ndani, na promota hakutaka kibaki kitu cha kuleta maswali. Mdundo wenyewe si upo?"

"Ndiyo sauti yake pekee niliyokuwa nayo."

"Sikujua ungeumia hivyo."

"Ulijua. Ulinikuta naisikiliza nikilia, ukanishika mkono."

Akakata simu. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na bega la kulilia, na bega lenyewe lilikuwa la mtu huyu.

Ujumbe ukaingia: "Harusi iko palepale, usikuze mambo. Shati usilisahau, napanda jukwaani saa kumi."

Akalitundika shati mlangoni, akatumbukiza pete ya uchumba kwenye mfuko wa kifuani na kuufunga kifungo. Kisha akaenda chumbani kwa mama, akaketi kwenye cherehani, akawasha kinasa sauti, akakanyaga. Mlio ulikuwa uleule.

Akangoja aulizwe anarekodi nini tena.