Kosa Alilobebeshwa Tame

Kila walipokwenda kwa babu yao, Ngahuia alikuwa na kazi moja ya asubuhi kabla ya kunywa chai: kumnywesha Pipi maziwa. Pipi alikuwa mwanakondoo aliyefiwa na mama yake mwezi wa nane. Jumamosi hiyo Ngahuia alichanganya maziwa ya unga na maji ya vuguvugu, akajaza chupa na kwenda zizini. Nyuma yake alimfuata Tame, mdogo wake wa mwaka mmoja na miezi tisa, akijikwaa ndani ya gambuti zilizomfika magotini.

"Pipi! Pipi!" Tame alipiga kelele. Hilo lilikuwa mojawapo ya maneno sita aliyoyajua.

Walikuwa wametoka mjini Gisborne Ijumaa jioni, Mama akiendesha, kuja kijijini Ruatoria kwa wikendi ndefu ya Oktoba. Siku hizo kila mwaka ukoo wote hukusanyika kwa Babu Hohepa kupanda viazi vitamu. Mbegu ya Babu haikununuliwa dukani. Aliirithi kwa bibi yake, naye bibi aliirithi kwa mama yake. Babu alikuwa amevilaza viazi hivyo kwenye kitalu cha mchanga nyuma ya nyumba, na sasa miche ilikuwa imesimama, minene, tayari kuhamishiwa shambani.

"Ukimaliza, funga lango la zizi," Babu alimwambia. "Vuta kile kitanzi cha waya mpaka kikaze. Huyo Pipi wako mdogo, lakini tumbo lake ni la ng'ombe."

"Sawa, Babu."

Mara Kura, binamu yake, akatokea na baiskeli. "Wee Ngahuia, bado unalea? Wenzako wote wako mtoni! Maji ni barafu tupu. Atakayetangulia kujitosa ndiye mkubwa wetu wikendi nzima!"

Ngahuia aliitupa chupa majanini, akalisukuma lango kwa mguu na kulisikia likigonga nguzo. Kitanzi hakukigusa. Alimkabidhi Tame kwa Mama mlangoni, akatimua mbio.

Aliporudi saa sita, nywele zikichuruzika maji, alimkuta Mama amesimama kando ya kitalu, mikono kichwani. Miche yote ilikuwa imeliwa. Vilibaki vishina vifupi vilivyochomoza mchangani kama ndevu za siku mbili. Pipi alikuwa amejilaza pembeni, tumbo limemjaa ndi! Tame, aliyekuwa amemponyoka Mama jikoni, alikaa karibu naye, matope mpaka masikioni, akimpapasa mgongo.

"Nani aliacha lango wazi?" Babu aliuliza. Hakupaza sauti.

"Mimi nilifunga, Babu," Ngahuia alisema. " Nilikaza kabisa. Labda ni Tame. Jana si alifungua banda la mbwa peke yake?"

Hilo la banda la mbwa lilikuwa kweli, na ndiyo maana wote waliamini.

"Tame!" Mama alimwinua. "Umefanya nini? Umefanya vibaya! Viazi vya Babu hivi!"

Tame aliutazama mdomo wa Mama, akacheka. Alidhani ni mchezo. Lakini alipovuliwa gambuti na kufungiwa ndani, aliacha kucheka. Mchana kutwa, wakubwa wakichimba matuta, alisimama nyuma ya mlango wa kioo, paji la uso limegandamana na kioo.

Watoto wengine walimpitia wakimtania. "Nani kala miche? Tame! Mwizi wa viazi huyo!" Kura aliimba, na wenzake wakaitikia. Ngahuia naye alicheka, lakini kicheko chake kilitoka kikavu.

Jumapili, baada ya ibada, Bibi Materoa, dada yake Babu anayeishi Tikitiki, alikuja kula nao mchana. Hata hajaketi, alishika kiuno.

"Kaka, nimepita pale nyuma. Kitalu kiko uchi! Nani kafanya vile?"

Kabla mtu hajajibu, Tame aliweka chini mkate wake wa kukaanga. Akauinua mkono uliojaa jamu, akajigusa kifuani.

"Mimi," alisema. "Mimi baya."

Kisha akaficha mikono yake yote miwili kwapani.

Meza nzima ikaangua kicheko. "Jamani, leo kasema mimi!" Mama alishangilia.

Ngahuia hakucheka. Aliitazama mikono ile iliyofichwa, akaisukuma sahani yake mbali. Mtoto amesikia, na ameamini.

"Si yeye," alisema.

"Unasemaje?" Mama aliuliza.

"Si Tame. Ni mimi. Nililisukuma lango kwa mguu nikakimbilia mtoni. Halafu nikasema uongo." Machozi yalimtoka.

"Ngahuia! Yaani umemwacha mdogo wako afungiwe siku nzima..."

"Ngoja, Riria," Babu alimkatiza Mama. Akamgeukia mjukuu wake. "Usituombe sisi msamaha kwanza. Mwenye kudai ni yule pale."

Ngahuia alipiga magoti mbele ya kiti cha mdogo wake. "Nisamehe, Tame. Wewe si mbaya. Mimi ndiye niliyekosa."

Tame alimtazama. Taratibu akautoa mkono mmoja kwapani, akachukua mkate wake uliotafunwa, akamtia dada yake mdomoni. Ngahuia aliula wote, na mate yake.

"Sasa tuseme ya shambani," Bibi Materoa alisema huku akijifuta macho. "Kaka, umesahau mwaka juzi ulinipa mbegu? Kitalu changu kimefurika. Kesho naleta ndoo mbili za miche."

"Na vishina vyetu vitachipua tena," Babu alisema. "Nusu ya shamba tutapanda kesho, nusu mwezi ujao."

Jumatatu Kura alipiga kengele ya baiskeli, lakini Ngahuia alikataa kwenda mtoni. Alibeba maji tangu asubuhi. Tame alirudishiwa gambuti zake, akapewa tuta lake. Mche wa kwanza aliuchomeka kichwa chini, mizizi juu. Ngahuia aliinama, wakauchimbua pamoja na kuupanda upya.

Babu alikuja akachuchumaa karibu nao.

"Mjukuu wangu, miche haikuniuma sana. Wanyama hula, miche huchipua. Kilichoniuma ni kumtwika mzigo wako mtu asiye na maneno ya kujitetea. Mtoto mdogo ukimwambia ni mbaya, anakubali. Ukikosa, sema umekosa, siku hiyohiyo, kabla mwingine hajalipia."

"Nimeelewa, Babu. Na mwezi ujao nitakuja kupanda ile nusu."

"Nitakungoja."

Wakaendelea na tuta, Tame akiwa katikati yao, ameushika mche kwa mikono miwili kama abebaye yai.