Kaburi Lisilo na Karatasi

Kila asubuhi kabla ya shule, Liani alifagia mbele ya duka lao la batiki mjini Solo kwa fagio la njukuti za mnazi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baba yake. Tangu baba afariki, mama hakupenda maswali, na Liani alikuwa na swali moja lililomkaa kooni.

Shuleni Bagus alikuwa amemwambia mbele ya wenzake, "Nyie Wachina mmepandisha bei ya mchele. Rudini kwenu!"

"Kwetu ni hapahapa."

"Weee! Haya tutajie jina la babu yako."

Hakulijua. Wakamcheka mpaka kengele ikalia.

Jioni akauliza, "Mama, babu aliitwa nani?"

"Kula wali wako. Maneno hayo siku hizi yanaua watu."

Lakini Liani alikumbuka kwamba kila Aprili baba alichukua fagio lile na karatasi za rangi, akaenda peke yake kilimani kufagia kaburi la babu. Ukishafagia, unabana karatasi kwa vijiwe juu ya kaburi, ili wapitao wajue kuwa wenyewe wamefika. Mwaka huu Aprili imepita bila baba. Basi la babu litakuwa tupu, aliwaza. Nikiliona tupu, ndilo, na jina lake liko kwenye jiwe.

Siku ya pili shule zilifungwa kwa sababu ya vurugu. Mama alipokuwa akiteremsha milango ya duka, Liani alichukua fagio, akatoroka.

Kilimani makaburi mengi yalikuwa na karatasi zilizopaushwa na mvua. Moja la pembeni lilikuwa tupu, limezama majanini. Akalifagia. Jiwe lilikuwa na maandishi ya Kichina ambayo hakuna shule iliyoruhusiwa kuyafundisha, naye hakuweza kuyasoma. Akakaa, akalia. Alipoinua macho, moshi mweusi ulikuwa umetanda juu ya mji, upande wa kwao.

"Mama!" alipiga kelele, akakamata fagio, akaanza kushuka.

Mara akaona mwanamke anapanda mbio, pekupeku, amejifunga ushungi wa bibi jirani yao, Mbok Tumini, asitambulike. Alikuwa mama. Alimkumbatia, kisha akamtikisa mabega.

"Nimeona fagio halipo, nikajua! Wanachoma maduka, wanapiga watu, na wewe uko huku?"

"Nilimtafuta babu. Nilijua hakuna aliyekuja."

Mama akalipokea fagio. Akamshika mkono, akampeleka hadi kaburi la safu ya tatu. Lilikuwa na karatasi.

"Nilikuja mimi, Aprili, alfajiri, watu wasinione. Huyu ni Kwee Tjoen Hok, babu yako. Alizaliwa Solo, aliuza batiki palepale tunapouza sisi. Jina la ukoo tuliamriwa na serikali kulibadili, tukabadili."

Walijificha hapo mpaka moshi ulipopungua. Walipofika, duka lilikuwa zima. Mbok Tumini alikuwa amekalia kiti mlangoni, sauti imemkauka.

"Nimewaambia hao wachomaji duka hili ni la mwanangu, wanikanyage mimi kwanza. Na wewe Liani, ningekuchapa, basi tu nimechoka!"

Mama alifunga mlango, akamketisha binti yake.

"Nilikosea kukuficha mambo haya. Sasa ukiwa na swali, niulize, nikikataa niulize tena. Lakini mji ukichafuka usitoke bila kuniaga. Babu yako alikuwa palepale, hakuwa anakwenda popote. Ni wewe niliyekaribia kukupoteza."

"Na lile kaburi nililofagia?"

"La mtu ambaye jamaa zake hawajulikani walipo," mama alisema. "Aprili ijayo tutalipelekea karatasi, sote wawili, mchana kweupe."