Majibu ya Kogo

Kila jioni akitoka shuleni, Chelimo alipitia kiwanda cha mbao kuokota mabanzi ya kuni, kisha akapanda kilima hadi nyumbani kwa nyanyake. Alimwita Kogo, kama wajukuu wengi wa Kikalenjin wanavyowaita nyanya zao. Waliishi wawili tu, pembezoni mwa mji wa Elburgon.

Tangu mwaka uliopita, mwili wa Kogo ulikuwa ukitoka mabaka yaliyovimba na kuwasha kana kwamba amepitiwa na siafu. Yalitoka mgongoni, yakapotea, yakatokea mapajani. Mara nyingi walipofika kliniki ngozi ilikuwa imetulia, kwa hivyo Daktari Masinde hakutegemea macho. Aliuliza maswali. Kogo hakuzungumza Kiswahili, naye daktari hakujua Kikalenjin. Chelimo, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyetafsiri.

"Muulize usingizi ukoje siku hizi," daktari alisema.

Kogo alijibu polepole, macho yakiwa chini. Alikuwa akijikuna hadi kunapambazuka. Kanisani alikuwa ameacha kwenda, maana watu walificha mikono wakati wa kusalimiana. Kisha akaongeza, "Hata huyu mtoto wangu amehamishia blanketi yake jikoni. Mwambie hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Chelimo alihisi uso ukimchoma. Ni kweli alikuwa amehama. Wasichana wa darasa lake walimwambia ataambukizwa.

"Anasema analala vizuri," akasema.

"Na hutoka nje, akaenda kanisani?"

"Huenda."

Daktari alifurahi. "Basi dawa inafanya kazi. Tuendelee na ileile."

Walirudi nyumbani na dawa ileile. Baada ya hapo Kogo alianza kuacha chakula kimoja baada ya kingine, akidhani ndicho kinachomletea mabaka. Aliacha mayai, akaacha maharagwe, mwishowe hata maziwa. Akakonda. Dadake alipozikwa huko Molo, hakwenda. Alilala amejifunika shuka gubigubi, akalia akiwa ameelekea ukutani. Chelimo alisimama mlangoni na kikombe cha uji, asijue aingie au arudi. Siku hiyo aliogopa kuliko siku zote, na hofu yake haikuwa ya mabaka tena.

Walipokwenda tena kliniki, hakungoja kuulizwa.

"Daktari, nilikudanganya. Kogo alisema halali. Alisema kanisani hawampi mkono, kwa hivyo haendi." Akamtazama Kogo. "Na alisema mimi nimemhama. Nilificha kwa sababu nilikuwa natajwa."

Masinde aliweka kalamu mezani. Hakumkaripia.

"Ugonjwa huu hauambukizi, Chelimo. Ungelala naye kila siku, usingeupata. Lakini sikiza. Joto la mwili nalipima, presha naipima. Usingizi, aibu na upweke sina chombo cha kuvipimia. Kipimo changu ni maneno ya mgonjwa. Ukiyapunguza ili wewe usione haya, unampunguzia matibabu."

Aliongeza dawa, kisha akamweleza Kogo, kupitia kwa Chelimo, kwamba si chakula kilichomletea mabaka. Safari hii kila neno lilifika.

Mabaka yalipungua, ingawa hayakuisha. Kogo alipopata nguvu, alikwenda Molo na Chelimo kuliona kaburi la dadake. Alikuta nyasi zimeshaota juu yake. Alizing'oa mojamoja, Chelimo akichutama kando yake. Hapo ndipo msichana alipomwomba msamaha.

"Nilijua," Kogo alisema. "Kiswahili sikisemi, lakini neno 'vizuri' nalijua. Nilinyamaza kwa kuwa nilidhani unaona haya kuwa na mimi."

Chelimo alianza kulia. Kogo alipangusa udongo mikononi, akamvuta karibu.

"Ukisema kwa niaba ya mtu, mjukuu wangu, sema yote, hata lile linalokuchoma wewe. Ulipolificha, nilibaki na ugonjwa wangu peke yangu."