Buti Zisizopoa

Buti zilizotoka dukani asubuhi zilirudi zote jioni, na jozi moja zaidi.

Mama Buti alizipanga upya kwenye rafu, akidhani ni macho. Kazi yake ilikuwa hiyo: watu walikuja kupanda mlima unaotoa moshi wakiwa na viatu vya kuendea harusini, yeye akawakodisha buti, na wakirudi akazikung'uta, akazifuta na kuzirudisha mahali pake. Kila jozi aliijua kama mtu anavyozijua sufuria zake: ile iliyopasuka kisigino, ile ya kamba za manila, ile inayonuka hata uifue mara ngapi. Hii hakuijua. Nyeusi, ngozi nene, na haina hata chembe ya tope, ingawa mvua iliwanyeshea wageni tangu kileleni mpaka mlangoni. Aliingiza mkono ndani kupima kama imelowa, akautoa upesi. Mlikuwa na joto, joto la mguu uliovuliwa sasa hivi.

"Kasuku!" alimwita mumewe. "Nani kaacha buti hapa?"

Kasuku ndiye aliyewapandisha wageni mlimani. Jina hilo alipewa kwa mdomo wake. Aliongea kupanda, akaongea kushuka, na wageni walimpenda sana kwa sababu hawakuishi naye.

"Kuna aliyesahau. Atarudi."

"Kasahau vipi? Kaondoka pekupeku?"

"Mwanamke wewe, kitu kizuri kikija chenyewe unakifokea?" Akakaa, akavua zake zilizofunua midomo kama zinaomba chakula, akavaa zile. Zilimkaa kana kwamba fundi alimpima usingizini. "Tazama! Baridi yote imekwisha miguuni."

Mama yake Kasuku alikuwa penye mlango, anapitisha kamba kwenye buti za wageni wa kesho. Ukoo wa bibi huyo uliishi na mlima tangu enzi za mababu, na adabu za mlima alizifundisha kwa kofi. Ukifika ukingoni mwa shimo, unasema: tumekuja, tumeona, tunaondoka. Huongezi neno. Ukishuka, kwenye jiwe jeusi unagonga soli mpaka jivu lote libaki pale, ndipo unaenda kwenu.

"Huko juu uliaga vizuri?" aliuliza.

"Niliaga, mama."

"Kwa maneno gani?"

Kasuku akacheka. "Wageni walinuna kwa mvua, nikawachekesha kidogo. Nikaliambia shimo: sisi kila siku tunakuja kwako, na wewe siku moja tembea kwetu, usiwe mvivu wa miguu. Walicheka mpaka wakakaa chini."

Kamba ilimponyoka bibi. "Na kwenye jiwe mlikung'uta?"

"Kwa mvua ile? Tulikimbia."

Bibi alinyanyuka kwa kushika ukuta, akaenda sebuleni, akafuta vumbi kiti cha wageni.

Asubuhi nyumba ilinuka kiberiti kilichozimwa punde, na hakuna aliyewasha kitu. Sakafuni kulikuwa na nyayo za jivu jeupe, pana, toka mlangoni hadi kwenye kile kiti, na kutoka hapo hazikwenda popote. Mama Buti alipiga deki. Alipokwenda kumwaga maji na kurudi, zilikuwapo tena, kavu, juu ya sakafu iliyolowa. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimebadilika rangi, kimeungua kidogo kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, na alama ile ilikuwa ya makalio na mapaja ya mtu aliyekaa akatulia.

Bibi alikuja na gilasi ya maji, akaiweka kwenye meza ndogo kando ya kiti.

"Mama, unampa nani maji?" Mama Buti alinong'ona.

"Mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Punguza sauti. Mtu hasengenywi akiwa amekaa."

Maji yalianza kutoa viputo, vidogo vidogo, kama sufuria inayofikiria kuchemka, kisha yakashuka ndani ya gilasi polepole, funda kwa funda, kama anavyokunywa mtu mwenye adabu zake, mpaka ikabaki gilasi tupu yenye ukungu, na Mama Buti akajikuta amesimama amebana fagio kifuani kama mtoto.

Lakini kilichomtisha zaidi kilikuwa ni kimya cha mumewe. Tangu aamke na zile buti miguuni, Kasuku hakuwa amesema neno. Wageni aliwaondoa mlangoni kwa mkono. Alizunguka nyumba, na alipotembea walitembea wawili: kishindo chake, na kingine nyuma yake kidogo, kizito zaidi, kinachokanyaga pale pale alipokanyaga. Mikeka ilibaki na alama za soli za rangi ya kahawia.

"Zivue basi," mkewe alimsihi. "Umelala nazo. Mtu gani analala na buti?"

Alitikisa kichwa.

Jua lilipokuwa linazama Mama Buti alipiga magoti mbele yake kuzifungua. Kamba zilimchoma vidole, lakini alikuwa mtu wa jikoni, alishashika ya moto kuliko hiyo, akazivuta, zikafunguka, akashika buti kwa mikono miwili na kuvuta, haikuja; akapitisha kidole juu, pale ngozi ya buti inapokoma na ngozi ya mume inapoanza, akatafuta ukingo, akazunguka mguu mzima akiutafuta, na ukingo haukuwapo, ilikuwa ngozi moja, ngumu huku na laini kule, na yote ina mapigo ya moyo. Aliinua uso. Kasuku alikuwa analia bila sauti, machozi yanakauka kabla ya kufika shavuni, na mdomo wake ulipofunguka sauti iliyotoka haikuwa yake, na wala haikutoka mdomoni, ilitoka kwenye kiti.

"Nimekaa vya kutosha," ilisema, nzito, ya mawe yanayosagana. "Mmenipa maji. Nashukuru. Kesho narudi kwangu, na mwenyeji wangu atanisindikiza."

"Mpaka wapi?" aliuliza bibi.

"Mpaka ndani."

Mama Buti aliyajua ya ndani. Aliwahi kuchungulia mara moja, akiwa bi harusi: uji mwekundu chini kabisa, unapumua, unatema mawe. Akashika magoti ya mumewe kwa nguvu zote, kama vile wameshaanza kuondoka.

Bibi alijifunga khanga yake vizuri. Akakigeukia kiti.

"Mgeni wetu," alisema, "sisi si watu wa kukosa adabu. Lakini mwenyeji husindikiza mpaka njiani. Haingii chumbani kwa mtu. Hata wewe hapa tulikuweka sebuleni, hatukukulaza kitandani kwetu."

Ukutani rangi ilianza kubabuka. Mama Buti alisikia buti zote dukani zikigonga soli rafuni, jozi kwa jozi.

"Huyu aliniita kwa mdomo wake," sauti ilisema.

"Mdomo wake naujua tangu ananyonya. Haukuwahi kuwa na akili. Atakusindikiza mpaka kwenye jiwe."

Kiti kililia, kama mtu anapogeuka upande.

"Mpaka kwenye jiwe," kilijibu, shingo upande.

Bibi alimvuta mkwewe jikoni, akamsemea sikioni. "Mimi magoti hayafiki kule. Utakwenda wewe. Akifika kwenye jiwe, mshike, mvute nyuma. Buti zitalegea zenyewe, ndiyo ahadi. Akivuka hata kwa kidole, huna mume. Na mgeni akiaga, inamisha kichwa tu. Usijibu. Umesikia? Neno lolote, usijibu."

"Nimesikia, mama."

"Wewe una mdomo wa dukani. Ndiyo maana nakwambia."

Waliondoka alfajiri. Kasuku alitembea mbele kama anayesukumwa, na nyuma yake kishindo cha pili, na nyuma ya kishindo Mama Buti, akikanyaga majani yaliyonyauka dakika ile ile. Ndege waliacha kulia walipopita. Mlima ulikuwa unanguruma chini chini, kama mtu anayesikia nyumbani kwake mlango ukifunguliwa.

Kwenye jiwe jeusi Kasuku hakusimama. Mama Buti alimrukia, akamkumbatia kiuno, akachimba visigino kwenye jivu, na mwanamume yule, ambaye siku zote hakuwa na nguvu ya kubeba hata gunia la mkaa, alimburuta kama shuka, hatua moja, na nyingine, mpaka ncha ya buti ya kulia ikawa pembeni kabisa mwa kivuli cha jiwe, na yeye akajitupa chali naye juu, akimlilia kwa jina lao la faragha ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na hapo kitu kikachanika kwa sauti ya nguo mpya, na miguu ya Kasuku ikatoka, myekundu, inafuka moshi, na mwenyewe akapiga ukelele, wa kwake, sauti yake mwenyewe, na mkewe hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Buti zilisimama ng'ambo ya jiwe, tupu. Kisha zikageuka, ncha zikiwaelekea.

"Nashukuru," ilisema sauti. "Mmenipokea vizuri. Kwaherini."

Mama Buti alikuwa amechoka, ana jivu machoni, mume kifuani analia kama ndama. Miaka yote ya duka, kila aliyerudisha buti na kuaga alijibiwa namna moja, na mdomo haukumsubiri.

"Karibu tena," alisema.

Buti zilitulia kidogo. Halafu zikapanda mlima, bila haraka, mpaka moshi ukazificha.

Nyumbani bibi aliosha nyayo za mwanawe, akazifunga. Alimtazama mkwewe.

"Aliaga?"

"Aliaga."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu, mama."

"Hata neno?"

"Hata neno."

Miguu ilipona, ingawa Kasuku hatapanda tena kitu kirefu kuliko kizingiti. Mdomo ulirudi kabla ya miguu. Kiti walikichoma moto. Mama Buti aliendelea na duka, na wateja wakiaga alikaa kimya, watu wakasema ameanza kiburi.

Siku moja alitoka sokoni mchana, jua kali, kapu kichwani. Mbele ya mlango wa nyumba kulikuwa na buti zimevuliwa, zimepangwa kwa adabu, ncha zikitazama nje. Ile nyeusi kubwa. Kando yake jozi nyingine. Kisha ndogo, na ndogo zaidi, mpaka ya mwisho iliyoweza kukaa kwenye kiganja. Zote zilifuka moshi. Ndani viti vililia kwa zamu, kimoja baada ya kingine, kama vinavyolia watu wakiketi.

"Mkwe wangu," iliita sauti ya bibi, ndogo, imekauka. "Leta maji. Leta mengi." Kisha: "Wanasema uliwakaribisha. Wanauliza nani atawasindikiza safari hii, maana mume wako miguu hana."

Mama Buti alitazama chini. Jozi ya pili ilikuwa ya kike. Hakuhitaji kuijaribu. Aliyekodisha buti miaka yote ile anajua saizi kwa kutazama.