Mke Wangu Alinitetea, Kumbe Nilikuwa Natema Dawa

Nina miaka arobaini na mbili, baba wa watoto wawili pacha, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha pale Igoma. Wasomaji wenzangu, najua mmezoea kumhurumia anayesimulia tangu mstari wa kwanza. Mimi msinihurumie. Fikeni kwanza mwisho, halafu kama bado mna huruma mkononi, wapeni wanaoistahili!

Nilizaliwa na kichwa kisichotulia. Shuleni nilichapwa kwa kuangalia dirishani. Nyumbani nilichapwa kwa kupoteza mbuzi... na mbuzi wenyewe walipotea mbele ya macho yangu, mimi nikishangaa mawingu.

Nilipooa, ugonjwa nao ukahamia kwangu pamoja na godoro. Mke wangu, Mama Kulwa, akinituma unga, narudi na spika ya redio. Unga? Unga gani tena? Nilibandika maji ya kuwaogesha watoto, nikatoka kumsalimia jirani mara moja tu, sufuria ikaungua mpaka ikatoboka. Kuna Jumapili nilirudi kutoka kanisani na Biblia mkononi, watoto nimewaacha huko huko! Geti la mteja nililifunga bawaba upande usio wake, likawa linafungukia barabarani, likamgonga muuza maandazi. Watu walicheka, nami nikacheka nao, maana usipocheka utafanya nini?

Mama Kulwa hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka hospitali mjini, kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari mwenyewe binti mdogo tu. Aliniuliza mambo ya utoto wangu mpaka nikajiuliza nani kamwambia. Akasema nina tatizo la umakini, nimezaliwa nalo, na wapo watu wazima tele wanaoishi nalo bila kujua. Si uzembe, akasema. Wala sijarogwa. Nikalia pale pale kwenye kiti na ndevu zangu. Miaka yote ile nilijua mimi ni mjinga tu!

Akaniandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Akanifundisha na mbinu: kazi moja iishe ndipo nianze nyingine. Na nikiwa njiani na watoto, nisiwaite kwa sauti tu. Niguse kichwa cha kila mmoja huku nikitaja jina lake.

Hilo la kugusa vichwa lilitokana na pacha wetu, Kulwa na Doto, mabinti. Wale watoto, ukiita mmoja, aliye karibu anajibu kwa niaba ya wote wawili: "Tupo!" Kulwa yuko chooni, Doto yuko jikoni, ukiita Kulwa anaitika Doto, "Tupo!" Walianza hivyo tangu wajue kusema. Tuliona ni utani mtamu, tukawachekea.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha, siwezi kusema uongo. Kwenye mlango wetu wa chuma Mama Kulwa aliandika kwa chaki yangu ya kazini: DAWA. UJI. SARE. SHULE. Nikimaliza moja nalifuta, naenda la pili. Yeye anasimama na kikombe cha maji, nameza, anatabasamu. Nikajua kupiga pasi sare. Nikajua kwamba Doto hapendi sukari kwenye uji. Miaka saba namnywesha uji wa sukari, sikujua! Hata wateja waliacha kunipigia simu za matusi.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu.

Siku moja nilisahau dawa kwenye mfuko wa koti la kazi. Fundi mwenzangu akapekua humo akitafuta kiberiti, akaikuta, akaisoma kwa sauti. Weee! "Kumbe mwenzetu anakula dawa za vichaa!" Kuanzia hapo nikawa Mzee wa Vidonge. Nikipita, mmoja anaokota kokoto, anajifanya anaimeza, wenzake wanaanguka kwa kicheko. Wanaume wazima, vitambi mbele, na hakuna hata mmoja wao anayejua mwanawe yuko darasa la ngapi! Watu ambao nisingewaamini kunishikia hata nondo moja... hao ndio niliowasikiliza. Daktari aliyesoma nikamwona hajui. Mke aliyenivumilia nikamwona hajui. Wajuzi wakawa wapiga soga wa kijiweni!

Niliacha dawa. Lakini kumwambia Mama Kulwa kwamba nimeacha? Thubutu! Mimi mwoga kuliko panya. Kila asubuhi alisimama na kikombe chake, nami nikaweka kidonge chini ya ulimi, nikanywa maji, nikafuta mdomo. Kisha natoka kama naenda haja, nazunguka nyuma ya choo, natema. Kila siku ya Mungu! Na yeye huku nyuma ananiambia, "Hongera, Baba Kulwa, unajitahidi." Naitikia kwa pua tu, "Mhh," maana nikifungua mdomo kidonge kitadondoka. Mmewahi kuona mwanaume wa hovyo namna hiyo?

Ikatokea mama mkwe akaugua, kwao Sengerema. Ilikuwa likizo, mwezi wa nane. Mke wangu akatangulia kumuuguza, nami nikabaki na watoto siku mbili, halafu niwapeleke pamoja na geti nililomchomelea mama mkwe. Jirani yetu alimwambia asithubutu kuniachia watoto. Alimjibu mbele yangu, "Mume wangu siku hizi anatumia dawa. Namwamini." Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliangalia viatu vyangu.

Nikaazima kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikapakia geti nyuma, watoto wakakaa mbele na mimi. Daraja lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo tulivuka kwa kivuko, Kigongo kwenda Busisi. Waliokuwa wakipita pale wanajua utaratibu: abiria wanashuka garini, wanaingia kivukoni kwa miguu, dereva peke yake ndiye anaingia na gari. Nikamwamkia mama mmoja wa makamo, "Shikamoo mama, naomba unisaidie pacha hawa mpaka ng'ambo." Akaitikia marahaba, akawashika mikono. Yeye alitimiza lake, Mungu ambariki.

Kule ndani bwana mmoja akalisifu geti langu. Akauliza, haya maua umeyakunjaje? Basi! Nani wa kunizuia hapo? Nikaeleza nondo, nikaeleza bati, nikaeleza rangi, mpaka tunafika Busisi sina habari. Honi zikalia nyuma yangu. Yule bwana akaomba lifti ya Sengerema, nikamwambia panda, akakaa mbele tuendelee na maongezi.

Nikatoa gari, nikasimama pale juu abiria wanapotokea. Yule mama akaniona, akawaachia watoto waje, akageuka kuwahi basi lake. Mimi kichwa kimemgeukia mgeni wangu, mdomo haufungi. Nikaita tu, "Haya Kulwa, Doto, pandeni nyuma! Mmepanda?"

"Tupo!" sauti ikajibu kutoka nyuma.

Nikaondoa gari. Sikushuka. Sikugusa kichwa, hata kimoja!

Nilimshusha mgeni wangu mjini, na nilipofika kwa mama mkwe, mke wangu alitoka mbio anafunga kanga. Akamteremsha Kulwa, akamkumbatia. Akachungulia mbele. Akachungulia nyuma, kwenye geti.

"Doto yuko wapi?"

Nikasema, "Si yuko nyuma..." Kulwa akasema, "Si alikaa mbele na baba?"

Sitaki kueleza uso wa Mama Kulwa ulivyokuwa. Aliingia ndani ya kirikuu bila viatu, tukarudi Busisi. Njia nzima hakunitukana. Alikuwa anarudia neno moja tu, "Yesu, Yesu, Yesu." Na mimi kichwa changu hiki, kwa mara ya kwanza maishani, hakikuhama hata sekunde moja. Mbona kilijua kutulia siku hiyo?

Tukakuta kivuko kiko katikati ya maji. Wauza samaki wakatuambia kuna mtoto ana ndala moja, anakwenda na kurudi nacho tangu saa zile. Ndala nyingine ilimchomoka kwenye msukumano, akarudi mbio kivukoni kuitafuta, mlango ukapandishwa, akarudishwa Kigongo. Wafanyakazi walitaka kumshusha awangoje wazazi ofisini, akakataa katakata, ameshikilia chuma. Alisema baba yake ana gari lenye geti, na gari likirudi lazima lipite humo humo.

Kilipotia nanga, Mama Kulwa aliingia majini mpaka magotini. Doto hakulia. Alibebwa na mama yake, akaniangalia juu ya bega, akasema, "Baba, nilidhani umeniacha kwa sababu uliita mimi sikuitika."

Jamani! Mtoto wa miaka saba anajitafutia kosa ili baba yake asiwe na hatia!

Jioni ile ile ndugu wa mke wangu wakakaa uani. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ndiye aliyeongoza. Huyo siku zote aliamini kwamba kusahau ni upungufu wa fimbo utotoni, na siku hiyo alikuwa na furaha ya mtu aliyethibitishiwa. Akasema, "Anayesahau mtoto leo, kesho atasahau mke. Dada, chukua watoto wako, ubaki hapa."

Mama Kulwa akasimama. Alikuwa bado ana matope miguuni. Akasema, "Kaka, mume wangu si mzembe, ni mgonjwa. Na ugonjwa wake anautibu. Kidonge nampa mimi, kwa mkono wangu, kila asubuhi, na anakimeza naona. Mwanaume anayejitibu kwa ajili ya watoto wake siwezi kumwacha kwa ajali moja." Wazee wakatikisa vichwa kukubali, hata mama mkwe pale alipolala barazani akasema binti amenena. Kesi ilikuwa imekwisha! Nilikuwa nimeshinda!

Akanigeukia. "Si ndivyo, Baba Kulwa?"

Hapo ndipo ningekuwa mwanaume. Nilikuwa na mlango wazi kabisa wa kusema kweli. Nikajibu, kwa sauti nene ya mkuu wa nyumba, "Ndivyo hasa."

Kulwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ya Doto ameiweka mapajani mwake. Naye akataka kunisaidia, maskini. Akasema, "Ndiyo, hata sisi tunaviona. Baba anavitemea nyuma ya choo, kuku wanavidonoa."

Shemeji alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na sikumlaumu. Lakini Mama Kulwa hakucheka wala hakulia. Aliniuliza neno moja.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

Akakaa. Akasema taratibu, kama anayezungumza na mtu asiyemfahamu vizuri, "Kusahau kwako nilikukubali tangu siku ya kwanza. Hata la leo ningelisamehe, ningesema ni ugonjwa. Sasa nitawaambia ndugu zangu ni nini?"

Akawachukua watoto, akaingia ndani. Nilirudi Igoma na kirikuu tupu. Geti lao niliwaachia limeegemezwa ukutani, sikupata hata uso wa kuwaomba nilifunge.

Na wale wajuzi wangu wa kijiweni? Walikuja kunipa pole! "Wanawake ndivyo walivyo, fundi, usijali, utapata mwingine." Niliwafukuza nikiwa na nyundo mkononi. Hasira ilikuwa yao, nyundo ilikuwa yao, lakini kosa lilikuwa langu. Hawakunishika taya ili niteme. Nilitema mwenyewe.

Nilirudi kwa yule daktari nikamweleza yote. Nilitegemea anigombeze. Aliniambia tu kwamba kama vidonge vinanishinda au maneno ya watu yananishinda, ningekuja kusema, tungetafuta njia nyingine. Kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho! Sasa ni mwaka wa pili natumia dawa, mezani pangu pa kazi, mchana kweupe, anayetaka kucheka acheke mpaka meno yamtoke. Kichwa kimetulia. Nyumba nayo imetulia, haina mtu wa kunisumbua.

Ndugu zangu wenye vichwa kama changu, na hasa nyie akina baba, nawasihi. Ugonjwa wenu si aibu, msikubali mtu awaambie hivyo. Mkichoka na dawa, semeni mmechoka. Mkisahau, semeni mmesahau. Mwanamke aliyekubali kuishi na kichwa chako kinachoruka huku na huko anaweza kubeba mengi, lakini usimfanye aape mbele ya ndugu zake kwa uongo wako. Msije mkafika nilipofika mimi, nawaomba sana!

Huwa naenda Sengerema kuwaona. Jumamosi iliyopita nilibisha hodi, Doto akatoka. Amerefuka. Akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo baba," nikaitikia marahaba, nikaweka mkono kichwani pake nikataja jina lake. Akasubiri nimalize. Halafu akageuka akakimbilia ndani, nikamsikia anasema, bila utani wowote, "Mama! Mgeni amefika!"

Kulwa akaniletea maji ya kunawa na kiti kile kizuri wanachowekewa wageni. Nikanawa, nikakaa, nikasema asante.