Ufunguo wa Donatien

Jambo lenyewe lilianza na kiti. Jumanne moja asubuhi Gloriose aliingia ndani ya gari uani kwake, mtaa wa Kimanga mjini Uvira, akanyoosha mguu kutafuta breki, mguu ukaambulia hewa. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho wa reli zake. Gloriose ni mfupi, na si mfupi wa kusingiziwa. Sokoni Mulongwe, anakouza vitenge, wenzake humtania kwamba mteja hawezi kumwona mpaka apande juu ya bale la vitambaa. Mtu mmoja tu alikuwa na miguu ya kukidai kiti kile nafasi yote hiyo. Mtu huyo, mumewe Donatien, alikuwa amezama ziwani miezi mitatu iliyopita, boti ilipopinduka kati ya Kalundu na Baraka.

Alikivuta kiti mbele, akajiambia ni shemeji yake aliyechezacheza humo. Jioni alimpigia simu. Shemeji alikuwa Luvungi, na alikuwa huko wiki nzima.

Gari lile lilikuwa la aina ya kisasa, la kuwasha kwa kitufe. Unatembea na rimoti mfukoni, ukikaribia milango inafunguka, ukibonyeza kitufe injini inaitika. Donatien, aliyekuwa deklaranti wa forodha, mtu wa kuandikisha mizigo ya watu, mpakani Kavimvira, alilinunua likiwa na rimoti mbili, yake na ya mkewe, na alilipenda kiasi cha kukera watu. Mlango wake aliufunga taratibu, akiusukuma kwa kiganja mpaka useme tiki. Ole wake aliyeubamiza mbele yake. Siku ya safari ya Baraka aliitundika rimoti yake kwenye msumari sebuleni, akasema kitu kile hakiendi juu ya maji.

Mwili haukuonekana. Baada ya wiki tatu za kungoja ufukweni, mama mkwe Capitoline aliamua desturi ya kwao Kiringye ifuatwe: mtu aliyebaki majini huzikwa kwa kigogo cha mgomba, kilichokatwa kwa kimo chake na kuvishwa koti lake. Mama huyo alionya jambo moja tu, na alilisema mara mbili. Kigogo kisiwekewe viatu, wala fimbo, wala chochote ambacho mtu hukitumia kurudi nyumbani. Wote walisikia. Gloriose ndiye aliyepewa koti alikunje.

Basi wiki hiyo ya kiti, rimoti ya Gloriose nayo ikaanza kumgomea. Ilibidi aigusishe mlangoni ndipo gari limsikie. Binti yake Noella, mwenye miaka sita, alimtazama akihangaika, akamwambia bila wasiwasi wowote kwamba papa, yaani baba yake, naye huja kulifungua tu. Gloriose alimkaripia, halafu akajutia kumkaripia, akaenda kutafuta fundi.

Fundi alikuwa Ayoubu, kijana wa familia ya zamani ya wafanyabiashara Waislamu wa Uvira, mwenye kibanda cha simu, redio na rimoti pembeni mwa soko. Aliipasua rimoti kwa ukucha, akatoa kibetri kilicho mviringo kama kifungo cha shati, akakipima, akatikisa kichwa. Alifuta vibati kwa kitambaa kikavu, akaweka kipya, akamwomba mama arudi nyuma hatua kumi na abonyeze. Gari likaitika mara ya kwanza. Wangeweza kuishia hapo. Lakini Ayoubu ni fundi wa kweli, haamini dawa moja. Alisema wakati mwingine ufunguo wa pili ukiwa karibu huvuruga wa kwanza, akachomeka mashine yake ya kusomea magari chini ya usukani. Alisoma, akasoma tena.

"Mama, funguo ya pili iko na nani?"

"Ilizama na bwana yangu."

Ayoubu akamgeuzia kioo cha mashine. "Hii inasema jana, seize heures trente, saa kumi na nusu ya jioni, gari iliwaka na funguo ya pili."

Hapo Gloriose alikaa juu ya ndoo ya fundi na kusema kile ambacho hakuwa amemwambia hata padri. Rimoti ya Donatien haikuzama. Yeye mwenyewe aliiingiza katika mfuko wa ndani wa koti, na kigogo kikafukiwa nayo Kiringye. Hakuamini kwamba mumewe amekufa. Alitaka siku akirudi asikute mlango umefungwa. Na kwa kuwa ni mwanamke wa soko, asiyetupa kitu kinachofaa, kabla ya kuizika alitoa betri ya rimoti hiyo na kuiweka katika ya kwake mwenyewe, ambayo betri yake ilikuwa imeanza kufa. Alimzikia mumewe ufunguo na kumnyang'anya betri kwa mkono uleule. Huzuni humfanyia mtu hivyo.

"Haina pile hata kidogo?" Ayoubu aliuliza, akionyesha kibetri alichokitoa.

"Niliitosha minye mwenyewe," alisema, akionyesha kwa kucha jinsi alivyoichomoa.

Fundi alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. Alieleza kwamba ndani ya kila rimoti ya aina ile mna kifunguo kidogo cha chuma, cha kufungulia mlango wa dereva kwa mkono. Na gari linaweza kuwaka hata rimoti ikiwa haina betri, lakini kwa njia moja tu: uishike rimoti yenyewe na kuigandamiza juu ya kitufe.

"Haiwezi kujifanyisha, mama. Inaomba mukono."

Gloriose alipaswa kuogopa. Ukweli ni kwamba alifurahi, akarudi nyumbani, akaoga, akavaa kitenge ambacho Donatien alikipenda. Alimpeleka Noella kwa jirani, Agnès. Saa kumi na robo alikuwa ameketi kwenye kiti cha abiria, vioo vimefungwa, jasho likimtiririka mgongoni. Saa kumi na nusu ndiyo saa ambayo Donatien alikuwa akirudi kutoka Kavimvira.

Kwanza ilikuwa sauti ndogo ya chuma ikitafuta tundu. Kisha mlango wa dereva ukafunguka, na nje hapakuwa na mtu, ila jua na ukuta na nguo za Noella kwenye kamba. Harufu ikaingia, sabuni ya Donatien, ileile ya kijani, na nyuma yake harufu nyingine, nzito, ya mgomba unaooza ndani ya udongo. Kiti kikateleza nyuma mpaka mwisho, kikabonyea. Kitufe kikazama chenyewe, injini ikawaka, na juu ya kitufe likabaki doa la utomvu mweusi, upana wa dole gumba.

"Karibu, Papa Noella," Gloriose alisema.

Akaongea yeye peke yake, juu ya mazishi, juu ya shule ya mtoto, juu ya kitanda ambacho bado alikilalia upande mmoja. Baada ya robo saa injini ilizimika na mlango ukabamizwa kwa nguvu hadi vioo vikatetema. Kubamizwa huko aliona si kitu. Alikuwa na hamu naye mno.

Hivyo hivyo siku saba. Aliacha kutumia gari, akawa anakwenda sokoni kwa pikipiki ili lisikosekane uani saa ile. Alikonda, akachangamka. Wenzake walidhani amepata bwana mwingine, na alicheka waliposema hivyo.

Siku ya nane mvua ilimkamata sokoni. Alipofika Kimanga saa ilikuwa imepita, Agnès alikuwa jikoni kwake akidhani mtoto anacheza, lango lilikuwa wazi, na gari lilikuwa linateremka polepole kwenye njia ya kwenda ziwani, bila dereva, Noella akiwa kiti cha mbele ameketi kwa adabu kama mtoto anayepelekwa misa. Gloriose alikimbia akibonyeza rimoti yake, yenye betri mpya isiyo na kasoro, na vifungio vya milango vikaruka juu, na kabla hajagusa mlango vikazama tena, akabonyeza tena vikaruka, vikazama, na gari likaendelea kuteremka, na mchanga ukaanza, na maji yakafika kwenye magurudumu ya mbele. Ndipo akakumbuka kile kifunguo cha chuma, akakichomoa tumboni mwa rimoti kwa meno, na tundu lilikuwa moja tu, kwenye mlango wa dereva, mlango wa yule aliyekuwa ameketi, akalifungua hilohilo, akaingiza mikono yote miwili kumfikia mtoto, na mikono ikapita katikati ya kitu baridi, laini, chenye matabaka na maji, na mkono wa koti alilolikunja yeye mwenyewe ukamgusa shavuni, naye hakuacha, alishika gauni la mwanawe akalivuta mpaka wote wawili wakaangukia majini.

Injini ilizimika. Noella hakuwa analia.

"Papa anasema kule iko baridi," alisema. "Anasema tuende naye."

Jioni hiyohiyo Gloriose alimwendea Ayoubu, naye akawapeleka kwa shangazi yake, Mama Sharifa, ambaye husomea watu waliopandwa na majini na hapokei wanaokwenda kujaribu tu. Alimsikiliza Gloriose mpaka mwisho, akampangusa mtoto kichwa kwa maji aliyoyasomea, kisha akauliza kama Donatien alikuwa anamruhusu binti yake kuingia ziwani.

"Hapana. Hata kando ya maji hakumuacha afike."

"Basi huyo haiko Donatien."

Mama Sharifa alieleza kwa upole. Ziwani mna wasio na miili, nao wanatafuta. Huyu alikuta mwili uliokatwa kwa kimo cha mtu, umevikwa koti, hauna mwenyewe, na mfukoni una ufunguo wa nyumba yenye mjane na mtoto. Wakiwa bado wanazungumza, Capitoline alipiga simu kutoka Kiringye, sauti yake imeishiwa nguvu. Kaburi lilikuwa na tundu, upana wa mkono, na udongo ulikuwa umesukumwa kutoka ndani.

"Na kama iko yeye?" Gloriose aliuliza bado, na Mama Sharifa hakumkasirikia. Alimshika mkono, akamwambia kwamba ufunguo ule mashine ya Ayoubu inaweza kuufuta katika kumbukumbu ya gari, na yeye atasoma kumwondoa mgeni, lakini kidole cha kukubali kiwe cha Gloriose. "Weye ulimupa. Weye umunyang'anye."

Kesho yake gari lilikuwa limevutwa hadi uani. Ayoubu alikaa nyuma na mashine mapajani, waya umepita kati ya viti. Mama Sharifa alizunguka nje na chetezo cha ubani akisoma kwa sauti ya chini. Gloriose alikaa kiti cha abiria, kidole juu ya kioo cha mashine, alichosogezewa kati ya viti, mahali palipoandikwa kwa Kifaransa kama ana hakika ya kufuta ufunguo wa pili. Chuma kikatafuta tundu. Mlango ukafunguka, kiti kikabonyea, harufu ya kuoza ikajaa ndani kuliko siku zote, ubani ukashindwa, na kwa mara ya kwanza ikaja sauti, karibu na sikio, sauti ya Donatien ya asubuhi, kabla hajanywa chai.

"Mama Noella. Ni minye. Usinifungie inje."

Na Gloriose, ambaye kwa miezi mitatu angetoa macho yake mawili kuisikia sauti hiyo, aliisikia, akaijua, akamkumbuka mtoto aliyeketi kwa adabu akielekea majini, akalia kwa nguvu mpaka Mama Sharifa akapoteza aya na kuianza upya, na akiwa analia hivyo, macho yamefumba, akabonyeza ndiyo. Kitu kiliruka kutoka kitini. Mlango ulibamizwa, kioo kikapasuka toka kona hadi kona.

Mama Sharifa alisema jini halina subira; litarudi siku tatu kujaribu, halafu litachoka. Ayoubu naye, kwa uaminifu wake wa fundi, aliongeza kwamba mashine imefuta ufunguo wa umeme tu. Kile cha chuma bado kinafungua mlango, mpaka kufuli libadilishwe, na atalitafuta Bujumbura.

Siku ya kwanza mlango ulibamizwa mara kumi. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu palisikika mkwaruzo tu, na harufu ya mgomba ikaondoka uani kabisa. Siku nne zilizofuata hapakuwa na kitu. Gloriose alilala. Alikula. Jirani Agnès alisema uso wake umerudi.

Jumapili, saa kumi na nusu, alikuwa anamsuka Noella karibu na dirisha. Chuma kikaingia katika tundu, bila kutafuta. Mlango ukafunguka. Kiti kikarudi nyuma mpaka mwisho. Harufu iliyokuja dirishani ilikuwa ya sabuni ya kijani na maji ya ziwa, na hakukuwa na mgomba ndani yake, hata kidogo. Kitufe kikabonyezwa mara moja, na gari likalia mlio wake wa vipande vitatu, ule wa kusema halimtambui mwenye ufunguo. Kikabonyezwa tena, pole zaidi, na gari likalia vilevile.

Tangu siku hiyo huja kila jioni, hujaribu mara mbili, hukaa kidogo. Ayoubu alileta kufuli jipya, Gloriose akamrudisha nalo. Kumbukumbu iliyofutwa hairudi bila ufunguo wenyewe kuletwa mbele ya mashine, na yeye sasa hajui amemfungia nani nje.

"Mama," Noella alimuuliza jioni ile ya Jumapili, nywele zake nusu zimesukwa, "juu ya nini gari haimujue tena papa?"

Gloriose alimziba masikio kwa viganja vyake. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumziba. Alisikia kiti kikiinuka. Kisha akasikia mlango ukifungwa taratibu, ukisukumwa kwa kiganja, mpaka ukasema tiki.