Alama ya Unga Kwenye Kichuguu

Risasi tano ziliingia pahala pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kiganja. Hilo ndilo lililomuudhi Tuaibo. Bunduki mbovu hutawanya. Hii ilipiga kama imeagizwa, ila shubiri mbili kushoto mwa alama, na alama yenyewe, ule mviringo wa unga alioupaka kwenye kichuguu, haikuguswa hata chembe.

"Kaka, mira yako imelewa," alisema Dauto, mdogo wake, akichungulia mashimo.

"Mira si yangu, ni yako. Umeinunua Nampula bila kuniuliza."

Mira ni ile darubini ya kulengea inayokaa juu ya mtutu. Tuaibo alizijua, ingawa hakuna aliyemfundisha. Alikuwa fundi wa pikipiki mjini Palma, na wa bunduki chache zilizobaki na vibali. Kubembeleza wateja hakujui: kitu kikifa anakwambia kimekufa, ukinuna shauri yako.

Safari hii mteja alikuwa damu yake. Dauto alikuwa mwindaji mwenye leseni, na kesho kutwa, Ijumaa, alitakiwa akamuue nyati mwenye waya wa mtego mguuni, aliyekwisha kumvunja nyonga mwanamke mmoja kwenye mashamba ya mpunga njia ya Kionga. Bonde lile liko wazi, huna mti wa kupanda wala kichaka cha kujibanza. Ni kumpiga kwa mbali, mita mia mbili na zaidi, risasi moja. Ukimkosa hakimbii, anakuja. Tuaibo ndiye aliyemlea Dauto tangu mama yao alipofariki. Hakutaka kumzika kwa sababu ya skurubu iliyolegea.

Basi akaanza upya, na haraka, maana wanajeshi wa posto, kile kituo chao cha barabarani, waliwaruhusu kufyatua saa nne hadi saa sita mchana tu, wasije wakadhaniwa ni wale wengine, waasi wa porini. Alikaza skurubu za pete mbili zinazoishika mira. Akapitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, ikateleza mpaka mwisho, hakuna kilichogusa. Akapangusa mafuta ndani ya mtutu. Kisha akazungusha kile kigurudumu cha pembeni, tik, tik, tik, mara ishirini kuelekea kulia, akalala kifudifudi juu ya gunia la mchanga, akafyatua tatu.

Wakaenda kutazama. Zimeingia mle mle, kwenye mashimo ya kwanza.

Akazungusha ishirini nyingine. Mle mle. Akaing'oa mira kabisa, akalenga kwa vile vyuma vya kizamani vya juu ya mtutu. Mle mle.

"Basi si mira," alisema Dauto. Mzaha ulikuwa umemwisha.

"Nyamaza nifikiri."

Palikuwa na harufu. Unga unaoungulia chini ya sufuria, na pale porini hapakuwa na moto wala mpishi. Tuaibo alirudisha mira, akaifunga, akaweka jicho.

Shubiri mbili kushoto mwa alama, mtu alikuwa amekaa.

Alikaa akimpa mgongo, magoti juu, kama mtu aliyewahi sinia kabla ya wenzake, na mgongoni, pale risasi zote zilipoingia, kanzu ilikuwa na tundu moja jeusi lisilotoka damu; na Tuaibo alipotoa jicho akaona kichuguu kitupu na jua, na alipolirudisha akamwona yule mtu yupo vilevile, mkono wake wa kulia ukienda kwenye unga na kurudi mdomoni, ukienda na kurudi, taratibu, bila pupa, kama mwenye chakula chake.

"Umeona nini?" Dauto alinong'ona.

Tuaibo hakuwahi kumficha mtu ubovu wa kitu chake. Siku hiyo alificha.

"Vumbi. Beba vitu, kesho tutarudi."

Alhamisi alimleta Bi Haula, muuza samaki wakavu sokoni, ambaye ndiye anayeitwa mtu akipandisha majini. Alishuka kwenye pikipiki akimtukana dereva kwa mashimo ya barabarani. Dauto aliachwa kwenye gunia la mchanga na bunduki yake.

"Usiiguse mpaka nirudi," Tuaibo alimwambia.

"Kwani huyu bibi naye fundi wa mira?"

"Usiiguse."

Haula alipokiona kichuguu alisimama kabla ya kukifikia. Unga ulikuwa umebaki nusu, na katikati yake palikuwa na mifereji minne, kama ya vidole.

"Nani kapaka unga hapa?"

"Mimi. Udongo mwekundu, nilitaka cheupe kionekane kwa mbali. Karatasi zinachukuliwa na upepo."

"Unga wa nini?"

"Wa mtama."

"Wewe mtoto wa hapa, au umeshushwa na meli jana? Bibi yako akimwaga unga wa mtama chini alikuwa anafanya nini?"

Tuaibo aliinamisha kichwa. Nani wa pande zile asiyejua? Mtu akiugua, au akienda safari ya hatari, wazee humwombea kwa unga wa mtama. Humwagwa taratibu, na jina lake hutajwa mara tatu, ili marehemu wanaoupokea wamjue ni nani.

"Nilikuwa kazini, bibi. Sikuomba kitu."

"Hukusema neno?"

Alitaka kusema hapana. Kisha akajikumbuka jana, mkono umo ndani ya mfuko wa unga, upepo unavuma, anampigia kelele mdogo wake kule mbali atazame kwenye mira kama alama inaonekana. Dauto! Dauto! We Dauto!

"Mara ngapi?" Haula aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tatu."

"Na hapa hakuna wazee wa mtu waliozikwa. Hapa kakaa jini. Umempa chakula na jina, halafu ukampiga risasi mgongoni akiwa anakula."

"Mwambie achukue langu. Mimi ndiye niliyekosa."

"Utaongeza jina la pili, mwanangu. Hutabadilisha."

Alifukiza ubani, akasoma, akasoma tena mpaka jasho likamchirizika kidevuni, na wakati wote huo unga ulikuwa ukipungua mbele ya macho yao, mfereji baada ya mfereji, bila upepo na bila mkono. Mwishowe alifunika chetezo.

"Amenipa mgongo. Sikiliza. Bunduki inakosa kwa sababu yeye kakaa hapo anakula, anaivuta kwake. Akishiba atanyanyuka na jina alilopewa. Siku itakapopiga katikati, usishangilie. Mdogo wako umemwambia?"

Tuaibo aligeuka kutazama kule kwenye gunia la mchanga.

"Hukumwambia!"

Walirudi kwa njia ya pembeni, kwenye nyasi, Tuaibo mbele akienda nusu anakimbia, akipanga maneno ya kumweleza yote, hata kama Dauto atacheka, hata kama atakasirika, na alikuwa amebakiza hatua kama sitini, jua limesimama utosini na saa sita inagonga, Dauto kalala kifudifudi kwa kuwa muda wa posto unakwisha na kesho ni Ijumaa na hakuna aliyempa sababu ya kungoja, mlio ulipopasua hewa.

"Katikati!" sauti ya Dauto ilipiga ukelele wa furaha. "Kaka, katikati kabisa! Imekubali!"

Haula alijishika kichwa.

"Dauto!" Tuaibo aliita.

Mdogo wake alikuwa amesimama, anakung'uta mchanga magotini. Hakugeuka.

"Dauto!"

"Naam, kaka," ilijibu sauti ya Dauto, ya adabu, na ilitoka nyuma yao, kule kwenye kichuguu.

Harufu ya unga ulioungua iliwafikia. Tuaibo alikimbia, akamshika bega yule aliyekuwa mbele yake, akamgeuza. Uso ulikuwa uleule, kovu la nyusi lilelile, jasho lilelile. Macho yalimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu mzima aliyepotea njia.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Unamtafuta nani?"

Na nyuma, bila kuitwa, ile sauti iliitika tena. Safari hii ilikuwa karibu.